Wenye Kuuliza na Wenye Kujua

Kisiwa cha Mvita kimezungukwa na maji, na maji hayo yamezungukwa na bara. Kusini, ng'ambo ya kivuko, iko Likoni. Kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali, iko Kisauni. Na magharibi, mtu akiisha kupita Makupa, iko Changamwe. Habari za kisiwa zimeandikwa tangu zamani, maana kisiwa kilikuwa na bandari, na sokoni pake walikutana watu wa mataifa mengi, na Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu hapo mwaka wa 1593. Bara haikupata sifa hiyo. Wageni waliovuka maji aghalabu walikuwa njiani kwenda mahali pengine. Walakini ni katika bara hiyo, na katika vilima na misitu iliyo nyuma yake, ambako watu wenye kuuliza na watu wenye kujua wamekutana tena na tena kwa muda wa zaidi ya miaka 180.

Insha hii yahusu elimu ya namna ya pekee. Si elimu ya hesabu wala ya biashara, bali ni ile ipatikanayo kwa kutulia, kwa kunyamaza, kwa kusali, kwa kutafakari, na kwa kukaa miguuni pa wazee. Hakuna taifa lisilokuwa nayo. Wahindi wanayo, Wachina wanayo, watawa wa Kikristo wa jangwa la Misri walikuwa nayo, na Waislamu wa tarika wanayo. Pwani yetu nayo inayo, katika misikiti yake na katika misitu yake. Wataalamu wengi wamekuja kuitafuta na kuiandika. Na tutazame walikuja kwa njia gani, walifunzwa na nani, walipata nini, na ni nini kilichowaponyoka mikononi.

Kabla ya kwenda mbele hatuna budi kushika kipimo. Kipimo hicho twaweza kukipata kwa mwanachuoni mkubwa, Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika nchi ya Uajemi mwaka wa 1058, na ambaye jina lake laheshimiwa sana na wanavyuoni wa pwani, ambao wengi wao ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii kama yeye. Al-Ghazali alikuwa mwalimu mashuhuri Baghdad. Mwaka wa 1095 aliacha kazi yake na heshima yake akaondoka, akaishi miaka mingi katika safari na upweke. Alipoeleza sababu, alitoa mfano wa afya. Ni jambo moja, alisema, kujua maana ya afya na sababu zake. Ni jambo jingine kabisa kuwa na afya. Tabibu aliye mgonjwa aijua afya vizuri, lakini hanayo. Basi, kuna kujua kwa kusikia, na kuna kujua kwa kuonja. Msomaji na ashike maneno hayo mawili, kwani kila mchunguzi tutakayemtaja alipambana nayo, awe alifahamu au hakufahamu.

Wa kwanza ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Alifika Mombasa mwaka wa 1844. Kabla mwaka haujapita nusu sana, mke wake, Rosina, alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, akazikwa upande wa bara ya Kisauni. Hivyo jambo la kwanza alilolipata Krapf katika bara ya Mombasa lilikuwa ni kaburi. Mtu mwingine angalirudi kwao. Krapf alikaa, akajifunza Kiswahili, na mwaka ule ule alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mmisionari aliyekuja kuwavuta watu katika dini yake alikaa kitako na kadhi wa Kiislamu, na kadhi huyo hakumnyima lugha yake. Kamusi kubwa ya Krapf, iliyochapwa mwaka wa 1882 baada ya kufa kwake, ni tunda la vikao vya namna hiyo. Juu ya jalada laonekana jina moja tu, lakini kila ukurasa una sauti za watu wengi wa Mombasa na Rabai.

Mwaka wa 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, katika vilima vilivyo mbele ya Changamwe, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Wazee wa Rabai ndio waliowapa ruhusa ya kukaa. Huko Krapf alikutana na elimu nyingine isiyokuwa ya vitabu. Aliona kaya, yaani mji wa kale uliozungukwa na msitu. Alisikia habari za mwanza, ngoma ya siri ambayo sauti yake iliwaingiza ndani watu wasioruhusiwa kuiona. Aliona mabaraza ya wazee na sala zao za kuomba mvua. Aliyaandika mambo hayo kwa bidii, na sisi leo twanufaika na bidii yake. Lakini aliyaandika kwa jicho la mtu aliyekuja kuyabatilisha. Aliona ngoma, hakuona adabu iliyofundishwa na ngoma. Alisikia kimya cha msitu akakidhania kuwa ni giza. Krapf alijua kwa kusikia, na masikio yake yalikuwa mazuri sana. Ila alikuwa amekwisha kuamua, kabla ya kuuliza, kwamba hapakuwa na kitu cha kuonja.

Baada ya Krapf historia ilileta watu wengine Kisauni. Mwaka wa 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani wa Unguja katika shauri la kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka wa 1875, karibu na Kongowea, misheni ilianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, nacho kikaitwa Freretown kwa jina lake. Wakaletwa watu walionyakuliwa katika nchi za Wayao, Wanyasa, Wamakua na nyinginezo. Na pamoja nao walikuwako Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudi Afrika kuwa walimu na mafundi. Mwaka wa 1903 ilifunguliwa hapo shule ya kufundisha makasisi, ambayo ilihamishwa kwenda Limuru mwaka wa 1930, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo.

Katika misheni hiyo ya Mombasa alikuwamo William Ernest Taylor, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1856. Taylor naye alikuwa mmisionari, lakini njia yake ya kuuliza ilikuwa nyingine. Aliitafuta hekima ya Waswahili mahali walipoiweka wenyewe, yaani katika methali na mashairi. Mwaka wa 1891 alichapisha kitabu cha methali za Waswahili, na mwaka ule ule kitabu cha msamiati wa Kigiriama. Mwalimu wake katika mashairi alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mvita. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, alikuwa amekwisha kufa yapata mwaka wa 1840, na beti zake zilikuwa zikiishi katika ndimi za watu. Sikujua alizikusanya, na Taylor akaziandika pamoja na maelezo aliyopewa. Sikujua alifariki mwaka wa 1890, Taylor mwaka wa 1927. Karatasi zao zikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka wa 1940 diwani ya Muyaka ikachapwa. Lau wawili hao wasingalikutana, sehemu kubwa ya beti hizo ingalizikwa pamoja na wazee waliozikariri.

Jina la mwalimu huyo lina fundisho ndani yake. Mtu aliyejua kuliko wote aliitwa Sikujua. Na yule Mzungu mwenye shahada ya chuo kikuu hakuona haya kukaa mbele yake kama mwanafunzi. Hapo ndipo tofauti ya Krapf na Taylor ilipo. Wote wawili walikuwa na dini yao, na wote wawili walitaka kuieneza. Lakini Taylor alipouliza juu ya ushairi, aliuliza kama mtu anayeamini kwamba mwulizwa ana kitu ambacho mwulizaji hana.

Jambo moja lastahili kusikitisha. Wakati methali za wenyeji wa Mvita zilipokuwa zikiandikwa, wale waliokombolewa wa Freretown, waliokuwa wamebeba kumbukumbu za sala na mafumbo ya makwao, hawakuulizwa kwa juhudi kama hiyo. Walihesabiwa kuwa ni watu wa kufundishwa. Ilibidi wangoje mwana wao wenyewe. James Mbotela, mwalimu, aliyekuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa, alikusanya masimulizi ya wazee akaandika kitabu kidogo kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka wa 1934. Wapo waliomlaumu kwamba aliwasifu mno Waingereza na kuwasahau Waafrika waliopigania uhuru wao kwa mikono yao. Lawama hiyo ina haki. Hata hivyo kitabu chake kina jambo ambalo vitabu vya wageni havikuwa nalo: mwenye kuuliza na mwenye kujua walikuwa wa nyumba moja.

Sasa na turudi katika msitu. Wamijikenda ni makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma. Wadigo ndio majirani wa Likoni, na kaya zao zimesambaa kusini kando ya bahari, kama vile Kaya Kinondo pande za Diani. Kaya ilikuwa mji uliofichwa ndani ya msitu mnene, wenye njia nyembamba na milango, na katikati yake palizikwa fingo, yaani kinga ya mji. Watu walipoanza kuhama na kulima mashamba ya mbali, miji hiyo ilibaki mitupu, na kufikia miaka ya 1940 karibu yote ilikuwa imeachwa. Lakini haikuachwa na mioyo ya watu. Wazee waliendelea kuingia humo kuomba mvua na amani. Sheria zake zikabaki: usikate mti, usichukue hata kijiti kikavu, usipige kelele, usiingie bila ruhusa, usiuone usichopaswa kuuona. Mtu aliyelelewa chini ya sheria hizo alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusema.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Parkin, aliyekaa miaka mingi katika uchunguzi wa Wagiriama, aliandika mwaka wa 1991 kitabu juu ya jambo hilo. Aliona ajabu kwamba mahali palipo patupu, ambapo watu wengi hawajapata kupaona maishani mwao, ndipo panapotawala fikira zao juu ya utakatifu na usafi. Twaweza kulifahamu jambo hilo kwa urahisi tukikumbuka kibla. Mwislamu wa Changamwe huelekea Makka mara tano kila siku, ijapokuwa pengine hatajaliwa kufika huko. Kisichoonekana kwa macho chaweza kuongoza miguu.

Walakini si kila aliyeiandika kaya aliiandika kwa heri. Kuanzia mwaka wa 1912 serikali ya Waingereza ilimweka afisa, Arthur Champion, kuwatawala Wagiriama, kuwatoza kodi na kuwatafutia vibarua. Champion alikuwa mtu wa kuchunguza. Aliandika maelezo marefu juu ya mila, viapo na mabaraza ya Wagiriama, ambayo yalichapwa baadaye, mwaka wa 1967. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, aliwakusanya watu kayani, wakala viapo vya kukataa amri za serikali. Akakamatwa, akahamishwa mbali mpaka nchi ya Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1914 serikali iliibomoa kaya ya Wagiriama kwa baruti.

Msomaji na atafakari. Serikali ile ile iliyokuwa na afisa mwenye kuandika mila za kaya kwa kalamu ndiyo iliyoilipua kaya hiyo. Iliipiga kwa sababu ilikuwa imejua thamani yake. Twajifunza hapa kwamba maarifa si mema kwa kuwa ni maarifa tu. Anayeujua mlango wa nyumba yako aweza kuja kukujulia hali, naye aweza kuja kukuibia. Wazee wa kaya walioficha siri zao kwa wageni walilaumiwa kuwa ni wajinga na wachoyo. Mwaka wa 1914 ulionyesha kwamba hawakuficha bila sababu.

Baada ya uhuru walikuja wachunguzi wa namna nyingine, wenye vinasa sauti na majembe madogo ya kuchimbua mambo ya kale. Thomas Spear, Mmarekani, alizunguka kwa wazee wa Mijikenda mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka wa 1978 akatoa kitabu juu ya kaya. Wazee walimwambia kwamba babu zao walitoka Singwaya, kaskazini, wakafukuzwa na Wagalla, wakaja kujenga kaya. Spear aliyachukua masimulizi hayo kuwa ni historia. Wengine walikataa. Fred Morton alidai mwaka wa 1972 kwamba hadithi ya Singwaya haikusikika katika maandishi ya zamani zaidi, nayo yamkini ni ya siku za karibu. Justin Willis, mwaka wa 1993, alionyesha kwamba hata jina la Mijikenda lilienea sana katika karne ya 20 tu, katika siasa na kazi za mji wa Mombasa. Nao wachimbuzi, miongoni mwao Henry Mutoro wa Kenya, walitafuta ushahidi ardhini. Na ardhi imetoa vigae na mabaki ya watu waliokaa na kulima nyuma ya Mombasa tangu mwaka wa 1000 haujafika.

Je, basi wazee walisema uongo? Ni vyepesi kujibu hivyo, na ni vibaya. Kigae husema mtu alikaa wapi na lini. Hakisemi alijiona kuwa nani. Hadithi ya Singwaya husema: sisi tisa ni ndugu, tulitoka pamoja, tukateswa pamoja, tukaokolewa na msitu, kwa hiyo tusipigane na tusiukate msitu. Huo ni ukweli wa namna yake, na umehifadhi miti kuliko sheria nyingi za serikali. Mwanahistoria hana ruhusa ya kukifanya kigae kinyamaze ili hadithi isikike. Wala hana ruhusa ya kuicheka hadithi kwa sababu ameokota kigae. Kazi yake ni kuuliza kila shahidi jambo analolijua.

Kwamba uchunguzi waweza kurudisha heri, tutaona katika habari ya vigango. Wagiriama wa chama cha Gohu, wakifa, husimamishiwa nguzo iliyochongwa, iitwayo kigango, ambayo haipaswi kung'olewa, kwani marehemu amewekwa hapo apumzike. Katika miaka ya 1970 na 1980 nguzo nyingi ziliibwa, zikauzwa kwa watalii na wachuuzi, zikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka wa 1985 mtaalamu Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja amesimama kando ya vigango vya ndugu zake. Baada ya muda mfupi vikaibwa. Miaka ilipita, na siku moja Udvardy akakiona kimoja katika picha zilizoonyeshwa na mtaalamu mwenzake, Linda Giles, za vitu vya makumbusho moja huko Marekani. Cha pili kikapatikana kwingine. Picha ile ya 1985 ikawa shahidi, na mwaka wa 2007 vigango vyote viwili vikarudishwa kwa wenyewe kwa sherehe. Hapa kalamu na kamera zilifanya kinyume cha baruti.

Tusidhani kwamba elimu ya utulivu ilikaa msituni tu. Katika misikiti ya pwani walikuwako watu wa tarika, waliokusanyika usiku kumtaja Mungu kwa dhikri, kwa sauti au kwa siri ya moyo. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyekufa mwaka wa 1909, aliieneza Kadiria katika pwani hii. Anne Bang wa Norway, katika kitabu cha mwaka wa 2003, amefuata njia za masheikh kutoka Hadhramaut, Ngazija na Unguja, akaonyesha jinsi elimu ilivyopita baharini kutoka kwa mwalimu hata kwa mwanafunzi, kama taa inavyowashwa kwa taa. Lakini si wote waliokubaliana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka wa 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka wa 1937, akafariki mwaka wa 1947, alitoa gazeti la Sahifa mwaka wa 1930 na la Al-Islah mwaka wa 1932, akawaonya Waislamu wenzake juu ya kufuata mila bila kuipima. Mgeni akisema, "Watu wa pwani huamini hivi," na aulizwe: watu gani? Sheikh na sheikh walishindana kwa hoja barazani kabla mtafiti hajafungua daftari lake.

Jambo hilo lilifahamika vizuri kwa Henry Odera Oruka, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wazungu wengi walikuwa wamesema kwamba Mwafrika hana mwanafalsafa, ana mila tu za kabila lake. Tangu mwaka wa 1974 Odera Oruka alikwenda vijijini kuwauliza wazee wenye hekima, ambao wengi wao hawakusoma shule. Hakuwauliza tu kabila lenu husema nini. Aliwauliza: wewe mwenyewe waona nini, na kwa sababu gani? Akatenga mwenye hekima anayeikariri mila na mwenye hekima anayeipima. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1990, naye akafariki mwaka wa 1995. Mjerumani Kai Kresse alifuata njia iliyo jirani na hiyo hapa Mombasa katika miaka ya 1998 na 1999, akaandika mwaka wa 2007 juu ya wenye fikira wa mji huu, kama vile mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo na Sheikh Abdilahi Nassir, akiwataja kwa majina yao na hoja zao, kama vile mtu anavyowataja wanafalsafa wa Uyunani.

Tukitazama nyuma sasa twaona safari ndefu. Krapf aliandika habari za watu ili awageuze. Champion aliandika ili atawale. Taylor alikaa kwa Sikujua ajifunze. Mbotela aliwaandika wazee wake. Odera Oruka aliwauliza wazee kama mtu anavyouliza walimu. Wote walijua kwa kusikia. Kuonja kulibaki kwa wale waliofunga, waliosali, waliokesha na waliotunza msitu. Lakini tusiwadharau wenye kusikia. Al-Ghazali mwenyewe alikiri kwamba tabibu mgonjwa ana elimu ya kweli, na elimu hiyo yaweza kumponya mwingine. Bila ya waandishi, Muyaka angalikuwa jina tu. Bila ya wenye kuonja, waandishi wasingalikuwa na la kuandika.

Mwaka wa 2008 misitu kumi ya kaya, iliyotapakaa pwani kwa urefu wa kama kilomita 200, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata, mila za kaya zikawekwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa upesi. Heshima na hatari vilikuja pamoja, kwa sababu dunia ilisema kwa kinywa kimoja kwamba hiki ni kitu cha thamani, na kwamba kinakufa. Msitu waweza kuzungushiwa ua. Elimu ya mzee haina ua; huondoka naye siku moja.

Kwa hiyo neno la mwisho ni kwenu, vijana wasomao Likoni, Kisauni na Changamwe, na wenzenu wa kwingineko. Mmejifunza kusoma na kuandika, na hiyo ni zana ambayo babu zenu wengi hawakuipata. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kwa adabu na kuuliza kwa utovu wa adabu. Mwendeeni mzee kabla hajaja mgeni kumwendea. Mwacheni amalize maneno yake. Andikeni jina lake pamoja na aliyowaambia, ili msije mkaichukua elimu yake mkaiita yenu. Lile alilowaonya msilitangaze, msilitangaze. Na akinyamaza, msiandike kwamba hakujua. Kaeni naye katika kimya kile. Yamkini ndilo jibu alilotaka kuwapa.